Moto, Mafuta na Hewa: Historia ya Lugha ya Fundi wa Injini Ndogo katika Kiswahili

Injini ndogo ya petroli inapokataa kuwaka, fundi anayesema Kiswahili, awe yuko Kariakoo, Gikomba au Darajani, huanza na maswali matatu. Je, moto upo? Mafuta yanafika? Hewa inaingia na kubanwa inavyostahili? Maswali hayo hayapangwi kwa bahati nasibu. Ni hoja yenye mantiki, na hoja hiyo hujengwa, hupimwa na kuhitimishwa kwa Kiswahili, aghalabu na watu ambao hawajapata kukifungua kitabu cha istilahi. Hata hivyo, historia ya Kiswahili cha sayansi na teknolojia imekuwa ikisimuliwa zaidi kama historia ya kamati, mabaraza, taasisi na kamusi. Mhadhara huu unaitazama historia hiyo kutoka upande wa benchi lenye madoa ya oili. Dai lake ni kwamba nomino za injini ziliingia katika Kiswahili kwa mkopo, lakini uchunguzi wa injini, yaani kule kufikiri ni nini kilichoharibika na kwa sababu gani, haukukopwa. Tangu mwanzo ulifanywa kwa vitenzi ambavyo lugha ilikuwa navyo, vingi vyake vya asili ya Kibantu, na kwa viambishi vya vitenzi hivyo. Hiyo ndiyo sehemu ya lugha ya fundi ambayo kumbukumbu zetu zimeihifadhi kwa uchache mno.

Ni vyema kwanza kukikumbuka chombo chenyewe. Nikolaus Otto alifaulu kuunda injini ya mipigo minne mwaka 1876 nchini Ujerumani. Mipigo yake inaelezeka kwa vitenzi vinne vya kawaida kabisa: injini inavuta, inabana, inawaka, inatoa. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliifanya ndogo na yenye kasi, wakaipachika kwenye chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho kwa haki kinaweza kuitwa babu wa pikipiki zote. Mwaka 1902 Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alikamilisha magneto ya volteji kubwa, kifaa kinachozalisha cheche kwa kuzungushwa tu, bila betri. Ni kwa sababu ya uvumbuzi huo kwamba hadi leo jenereta ndogo huwashwa kwa kuvuta kamba. Kisha mwaka 1953 kampuni ya Briggs & Stratton ya Milwaukee ilitoa injini ndogo ya alumini ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba, na mwaka 1958 Honda ikatoa Super Cub, pikipiki ambayo hadi mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya mara milioni 100.

Lugha za Ulaya nazo hazikuwa na majina ya vitu hivi yakisubiri kutumiwa. Mfaransa alipokiona kile kijiti cha kaure na chuma kinachotoa cheche ndani ya silinda, alikiita kwa neno lake la mshumaa. Kiswahili kingeweza kufanya vivyo hivyo, kwani mshumaa tulikuwa nao zamani kutoka Kiarabu, lakini sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilifuata Kiingereza na kusema "plagi". Mashariki mwa Kongo, ambako lugha ya karakana ilipitia Kifaransa, mafundi husema "buji", na petroli huiita "esansi". Hivyo mshumaa uliingia katika Kiswahili kwa mlango wa uani, bila mwenyewe kujulikana. Huko huko, katika miji kama Goma, pikipiki huitwa "moto", kwa ufupisho wa Kifaransa, na mgeni kutoka pwani akiambiwa kwamba moto umemgonga mtu huhitaji muda kidogo kabla ya kuelewa.

Kabla injini haijafika, Kiswahili hakikuwa jangwa la msamiati wa mitambo. Neno "mtambo" lenyewe lilitumika kwa springi, kwa mtego wenye kufyatuka na kwa sehemu za bunduki, kabla ya kupanuka na kubeba maana ya mashine kubwa. Wareno walituachia "bomba", "roda" na "parafujo". India ilituletea "gari". Neno "fundi" ni vigumu kulitenga na kitenzi "funda" na mnyambuliko wake "fundisha". Katika utamaduni wa Waswahili fundi si mtu wa mikono mitupu. Ni mtu aliyefundwa na anayeweza kufunda. Yapo pia majina ambayo watu hawakuyapokea kutoka kwa yeyote. "Pikipiki" na "tukutuku" ni tanakali za sauti zilizogeuzwa kuwa nomino. Chombo kilisikiwa kabla ya kuelezwa, na masikio yaliyokipa jina ndiyo yale yale ambayo fundi huyatumia hadi leo anaposema kwamba mlio wa injini si wake.

Nomino za mkopo zilikuja kwa mikondo iliyopishana. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulioanza mwaka 1896 na kufika Ziwa Nyanza mwaka 1901 uliwaleta maelfu ya wafanyakazi kutoka India, na karakana zake zikawa mahali ambapo Kiswahili, Kiingereza na lugha za Kihindi zilikutana juu ya chuma kimoja. Vita Kuu ya Kwanza ilileta magari ya petroli kwa idadi ambayo nchi haikuwa imeiona, ingawa mizigo mingi bado ilibebwa na wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Katika Vita Kuu ya Pili askari wengi zaidi wa Afrika Mashariki walifunzwa udereva na ufundi, na mafunzo hayo yalitolewa kwa sehemu kubwa katika kile Kiswahili cha jeshi kilichobezwa na wasomi wa wakati huo. Kilibezwa kwa sarufi yake. Hakuna ushahidi kwamba magari yalikataa kuwaka kwa sababu ya upatanisho mbovu wa ngeli.

Utohozi wa maneno hayo ulifuata kanuni, japokuwa hapakuwa na kamati iliyoisimamia. Neno la Kiingereza linaloishia na konsonanti hupewa irabu, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Baada ya konsonanti za midomo hupendelewa "u": pampu, balbu, valvu. Kwingineko hupendelewa "i": bolti, nati, plagi, ringi, klachi, koili. Maneno yanayoishia kwa silabi ya "er" au "or" huishia kwa "a": stata, kabureta, sailensa, spana. Mwanafunzi wa fonolojia anayetafuta mfano wa kanuni inayofanya kazi bila kufundishwa hana haja ya kwenda mbali zaidi ya gereji bubu iliyo jirani na chuo chake. Mengi ya maneno haya yaliingia katika ngeli ya I-/ZI-, ambako jina halibadiliki katika wingi, na kwa hiyo fundi aliweza kuyatumia siku ile ile aliyoyasikia.

Wakati huo huo usanifishaji rasmi ulikuwa ukiendelea kwa njia yake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kazi ya Kamati ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikachapishwa mwaka 1981. Hakuna haja ya kuidharau kazi hiyo; bila hiyo kusingekuwa na vitabu vya kiada. Ila mwelekeo wake ulikuwa wa kutafuta jina la kila kitu. Istilahi ilieleweka kuwa ni nomino, na orodha ya istilahi ikawa orodha ya nomino, mkabala na nomino za Kiingereza. Kwa mtazamo huo lugha ya fundi ilionekana maskini, kwa sababu nomino zake karibu zote zilikuwa za mkopo.

Umaskini huo hutoweka mara fundi anapoanza kazi. Mfano mzuri ni jenereta ndogo ya mipigo minne, yenye injini ya sentimita za ujazo 163, aina iliyoenea sana madukani na katika mashamba. Mwenye nayo huja na malalamiko, na jambo la kwanza analopimwa nalo ni njeo ya kitenzi chake. "Haiwaki" ni ugonjwa mmoja. "Inawaka halafu inazima" ni mwingine. "Huzima ikibebeshwa mzigo" ni wa tatu. Injini inayowaka vizuri na kuzima baada ya dakika kadhaa humfanya fundi mzoefu alegeze kifuniko cha tangi kabla ya kugusa spana: kitundu cha kupumulia kikiziba, petroli hushindwa kuteremka, na kifuniko kikilegezwa injini huendelea. Injini inayozima mzigo unapoongezeka humpeleka kwenye jeti ya kabureta, kwenye chujio la hewa, au kwenye kompresheni iliyoshuka. Tofauti baina ya "imezima", "inazima" na "huzima", pamoja na masharti yanayobebwa na kiambishi "-ki-", ndiyo inayoigawa njia. Mwalimu wa sarufi hufundisha viambishi hivyo kwa sentensi kuhusu Juma na shamba lake. Fundi huvitumia kuamua afungue nini kwanza.

Kisha huja moto. Fundi huichomoa plagi na kuisoma rangi. Ikiwa na hudhurungi hafifu au kijivu, mwako ni mzuri. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, ringi zimelika au valvu zinapitisha. Ikiwa nyeupe, injini inawaka kwa joto la kupita kiasi, mara nyingi kwa kukosa petroli ya kutosha. Hupima mwanya wa plagi, ambao kwa injini za ukubwa huu ni milimita 0.7 hadi 0.8, kisha huirudisha kwenye kofia yake, huigusisha na chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mahali penye petroli, na kuvuta kamba. Cheche ya buluu iliyo imara humruhusu kuendelea na swali la pili. Cheche isipoonekana hata kwa plagi nyingine nzima, hufuata swichi, waya na koili. Hapa ndipo kauli za vitenzi zinapofanya kazi ambayo nomino yoyote isingeiweza. Fundi akisema "waya umekatika", ametaja hali bila kumtaja mtendaji: mtikisiko, kutu, uchovu wa shaba. Akisema "waya umekatwa", amebadilisha kesi nzima, kwa kuwa sasa yupo mtu aliyekata, na pengine ni fundi wa jana. Lugha nyingi huhitaji kishazi kizima kwa tofauti hiyo ya chanzo. Kiswahili huimaliza kwa silabi moja, na katika uchunguzi wa hitilafu chanzo ndicho kinachotafutwa.

Swali la mafuta limebeba mtego wa kimaana ambao umeua injini nyingi. "Mafuta" katika Kiswahili ni neno pana sana: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Karakana ililipunguza upana huo kwa kukopa. "Oili" ikawa kile kinacholainisha, na "mafuta", pasipo nyongeza, yakawa petroli au dizeli. Mkopo ambao wasomi wengine wangeuona kuwa uvivu ulikuwa kwa kweli utenganishaji makini wa dhana. Mfasiri wa kijitabu cha maelekezo asiyeijua historia hiyo akiandika "hakikisha mafuta yapo kabla ya kuwasha", mnunuzi hutazama tangi la petroli, huridhika, na kuivuta kamba. Kama injini haina kinga, baada ya muda pistoni hukwama ndani ya silinda, na mafundi wa Tanzania husema "imenoki". Injini nyingi za aina hii zina kihisio kinachokata moto pale oili inapopungua, na hapo mnunuzi huenda kwa fundi na jenereta mpya "isiyowaka", kumbe kinachohitajika ni oili kiasi cha nusu lita na ushei. Neno moja la mfasiri limemgharimu safari.

Petroli yenyewe huchunguzwa kwa jozi za vitenzi. Iliyokaa miezi kadhaa ndani ya kabureta hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha gundi inayoziba vitundu vyembamba vya jeti. Fundi huzibua. Kiswahili kina kauli ya kutendua ambayo wanafunzi huikuta kwenye jedwali la minyambuliko na kuisahau baada ya mtihani: ziba na zibua, funga na fungua, chomeka na chomoa, panga na pangua, funika na funua. Kazi nzima ya kufungua injini na kuirudisha ni safari ya kwenda na kurudi kwenye kauli hiyo. Mwanafunzi wa ufundi aliyeambiwa apangue kabureta ameambiwa pia, ndani ya kitenzi hicho hicho, kwamba vipande vina mpango na kwamba atatakiwa kuupanga upya. Tena "imeziba" si sawa na "imezibwa". La kwanza ni gundi. La pili ni kitambaa kilichosahauliwa na mtu kwenye njia ya hewa.

Hewa huchukuliwa upesi na mafundi wengi, na hilo ni kosa lao la kawaida kwa sababu chujio lililojaa vumbi hutoa dalili zinazofanana na za kabureta mbovu: moshi mweusi, nguvu kupungua, plagi kujaa masizi. Petroli huhitaji hewa takribani mara 14.7 ya uzito wake ili iwake yote, na nchi zetu za vumbi hazisamehe chujio. Kubanwa kwa hewa hupimwa kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi, waya wa plagi ukiwa umewekwa mbali, kamba ikivutwa. Kitabu cha shule huliita jambo hilo "mgandamizo" na fundi huliita "kompresheni". Moshi wa buluu humwambia kwamba injini "inakula oili". Hapa pia kitenzi kimechaguliwa kwa uangalifu, maana inayokula oili haionyeshi tone chini, ilhali "inayovuja" huacha alama sakafuni. Injini hula, hunywa, huvuta, hupumua, hukohoa, hugoma na hufa. Wapo wanaoziona kauli hizi kuwa mapambo ya mazungumzo. Zingechunguzwa vyema, zingeonekana kuwa ni uainishaji wa dalili.

Ongezeko kubwa la wanaoisema lugha hii lilikuja katika karne ya sasa. Bodaboda, zilizoanza kama baiskeli za abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia miaka ya 1960, ziligeuka pikipiki. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 250 mwaka 2008, vijana wengi walijikuta wakimiliki injini kabla hawajamiliki kitu kingine chochote. Vyuo vya ufundi viliwapokea baadhi yao. Tatizo la lugha ya kufundishia linajulikana na limejadiliwa sana kuhusu shule za sekondari. Kuhusu ufundi halijadiliwi inavyostahili. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini injini yake inazima ikipata joto, na kuthibitisha kwa mikono yake, huweza kuanguka mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ameshindwa kutaja majina. Kipimo kimepima nomino na kuacha hoja. Hilo ni dhulma kwa mwanafunzi, na ni hasara kwa mteja wa kesho.

Lipo pia suala la muda. Kabureta inaondoka, pikipiki nyingi mpya hupulizia petroli kwa mfumo wa kielektroniki, na pikipiki za umeme zimeanza kuenea Kigali na Nairobi. Injini ikiondoka, vitenzi vingine vitahama, kama "washa" kilivyokwisha kuhamia kwenye redio na simu, ambazo hazina mwali wowote. Vingine vitabaki bila kazi. Kiswahili kimewahi kupitia hali hii. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na A. H. J. Prins alipochapisha utafiti wake kuhusu utamaduni wa baharini wa Lamu mwaka 1965, sehemu ya maneno ya waliokuwa wakishona vyombo hivyo ilikwisha kufuatana nao.

Katika injini ndogo upotevu huo umeshaanza kwenye sehemu moja, nayo ni pointi. Hivyo ni vibao viwili vidogo chini ya flaiwili vilivyogusana na kuachana ili kukata mkondo wa umeme na kuzaa cheche, kabla ya mfumo wa kielektroniki kuchukua nafasi yake katika injini nyingi kuanzia miaka ya 1980. Pointi zilipigwa msasa, ziliachanishwa kwa kipimo cha unene, zilisikilizwa. Fundi kijana wa leo huenda amelisikia jina, lakini vitenzi vilivyozihusu hana mahali pa kuvitumia. Wengi wa waliozijua kwa ncha za vidole vyao wamekwisha kuvuka miaka 60, na baadhi yao bado hukaa kwenye gereji za wanao, wakitoa ushauri usioandikwa na mtu.